Masaa 15 Addis Ababa na mama mtu mzima: tutoke nje ya uwanja au tukae ndani?

binti_tabata

Habari za humu wadau, naomba msaada kwa mliowahi kupita Addis. Mwezi wa kumi na moja nasafiri na mama tunaenda Washington, mdogo wangu kajifungua. Tunatoka Dar alfajiri, tunatua uwanja wa Bole, Addis, saa moja na nusu asubuhi halafu ndege ya Marekani ni saa nne na nusu usiku, yani masaa 15 tumekaa tu. Wakati nakata tiketi niliangalia bei, ilikuwa nafuu kuliko zote, huo muda wa kusubiri nimekuja kuupigia hesabu baadae hela ishatoka.

Ningekuwa peke yangu ningejilaza kwenye viti yakaisha. Ila mama ana miaka 66, presha anayo lakini anameza dawa na iko vizuri, na goti la kulia linamsumbua kwenye ngazi. Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kafundisha Singida na baadae Dar zaidi ya miaka 30, juzi namwambia tunapitia Addis Ababa akanyamaza kidogo, akasema "OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilianzishwa tarehe 25 Mei 1963, Addis Ababa, nchi 32. Hiyo nimeiandika ubaoni kila mwaka." Halafu akaendelea kuchambua mchele. Toka siku hiyo nawaza nampitishaje mama yangu pale nimkalishe kwenye kiti masaa 15 wakati huo mji kaufundisha maisha yake yote.

Kwa hiyo naomba kujua, kutoka nje ya uwanja inawezekana? Hapo ilipoanzishwa OAU ni mbali? Mtu wa kawaida anaweza kwenda kuona? Na chakula, mama pilipili hawezi kabisa. Na baridi ikoje, maana sisi ni watu wa Dar.

---

mkaazi_wa_zamani_bole

Dada mpe mama shikamoo yangu. Mimi nimekaa Addis miaka minne kikazi, nilikuwa napanga kule kule Bole, kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu nivumilie.

Toka nje. Yani hilo usilijadili hata. Ule uwanja uko ndani ya mji, sio kama nchi nyingine unatoka eapoti unakimbia barabarani saa zima, pale ukitoka getini ushaingia Bole yenyewe na asubuhi kabla ya foleni katikati ya mji ni dakika 15 mpaka 20. Viza ulizia mapema, waafrika walifunguliwa mlango wa kupewa viza hapo hapo uwanjani tangu 2018 lakini taratibu zinabadilika, ingia tovuti yao ya viza wiki mbili kabla ya safari, usisubiri kuambiwa dirishani. Halafu uliza na jambo moja watu wengi hawalijui, shirika lenyewe la Ethiopia kama safari yako ina kusubiri kati ya masaa 8 na 24 na hakukuwa na ndege ya karibu zaidi ya kukuunganisha, wanakupa hoteli na chakula na basi la kuwapeleka na kuwarudisha. Uliza sasa hivi kwa aliyekukatia tiketi iandikwe kabisa. Kwa mama mwenye goti hicho chumba ni muhimu kuliko kitu chochote nitakachokwambia hapa chini. Mnafika, mnaoga, analala masaa mawili, ndo mnatoka.

Sasa OAU. Hapa watu wengi wanakosea. Wanaenda kupiga picha lile ghorofa refu la Umoja wa Afrika, huu uliorithi OAU, wanasema hapa ndo ilipoanzishwa OAU. Siyo. Lile ghorofa limejengwa na Wachina na limefunguliwa 2012. Na pale lilipojengwa zamani palikuwa na gereza, likiitwa Alem Bekagn, maana yake ni kama kusema dunia basi, kwaheri, mtu akiingia mle ameaga. Wamefungwa mle watu wa kila utawala. Kama mama ni mwalimu hiyo habari ataipenda kuijua.

Alipokaa Mwalimu Nyerere na wenzake Mei 1963 ni Africa Hall, iko kwenye barabara ya Menelik II, karibu kabisa na ule uwanja wa wazi wa Meskel, kwenye eneo la ile Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa. Haile Selassie alilifungua 1961, miaka miwili kabla ya OAU. Ndani kuna dirisha kubwa mno la vioo vya rangi la msanii Afewerk Tekle, linachukua ukuta, mita za mraba kama 150 hivi, linaonyesha Afrika ya jana, ya leo na ya kesho. Walilifanyia ukarabati mkubwa miaka mingi wakalifungua tena Oktoba 2024. Kuingia ndani lazima uombe mapema, ni eneo la Umoja wa Mataifa, huwezi kuibuka getini na begi. Kwa hiyo dada andika barua pepe leo, sema ni mwalimu mstaafu kutoka Tanzania, eleza kama ulivyotueleza sisi. Wasipojibu, kupita mbele yake ukaliona kwa nje hakuna anayekukataza, ila kamera muulize askari kwanza.

Na kingine, sanamu ya Mwalimu. Ilizinduliwa Februari 2024 pale makao makuu ya Umoja wa Afrika, na jengo lao la Amani na Usalama linaitwa jina lake. Lakini nayo iko ndani ya geti kwa hiyo usimwahidi mama.

---

Kwale254

Sasa binti Tabata. Mkaazi amesema yote karibu, mimi naongeza mambo mawili tu ya saa na ya jam.

La kwanza, Waethiopia wanahesabu saa kama sisi Waswahili. Jua likitoka ni saa kumi na mbili, lisaa moja baadae ni saa moja, hivyo hivyo mpaka jioni. Wengi hawajui hii na inawachoma. Mimi mara ya kwanza nilikubaliana na dereva kwa Kiingereza kwamba anichukue at eight, mimi namaanisha saa mbili asubuhi, yeye akaelewa nane yao ambayo ni saa nane mchana. Nimemsubiri pale hoteli masaa sita nampigia hashiki, akaja saa nane kamili ametabasamu, amefika kwa wakati kabisa kwa hesabu yake. Siku ilikuwa imeisha. Kwa hivyo mama yako atakuwa na raha kuliko wazungu wote, yeye aseme tu saa zake za kawaida dereva atamwelewa. Lakini ile bodingi pasi imeandikwa saa za kimataifa, hiyo ndio mfuate, na kila mkipanga na mtu onyesha kwa simu namba ya saa muangalie wote wawili.

Ya pili, jam. Nilikuwa na ndege ya usiku, nimekaa Piassa, mtaa wa katikati ya mji, nikisema bado mapema, nikatoka saa kumi na moja na nusu jioni, nikakwama barabara ya Bole mpaka nikafika counter ishafungwa. Nililala pale na tiketi mpya nikailipa kwa mfuko wangu. Nyinyi mnaenda Marekani, hizo ndege zina msako wa ziada pale mlangoni pa kupandia, mbali na ule wa mlango wa nje wa jengo na ule wa katikati. Na usiku ndio ndege nyingi zinaondoka pamoja, za Ulaya, za China, za Marekani, laini ni ndefu. Saa kumi jioni muwe mmeshageuza kurudi upande wa Bole, makiato, ile kahawa yao ya maziwa, mtainywa huko huko karibu na uwanja.

Laini ya simu mnaweza kupata uwanjani, na Safaricom wako Ethiopia tangu 2022 so usishangae kuona ile kijani. Mkiwa na intaneti tumieni apu za teksi za kule, kuna Ride na kuna Feres, bei mnaiona kabla hamjapanda.

---

binti_tabata

Asanteni sana jamani, mkaazi nimesoma ulichoandika kwa sauti mama anasikiliza, hiyo ya gereza kanifanya nirudie mara mbili. Barua pepe nimeshatuma. Kwale pole kwa hiyo ndege, na hiyo ya saa sikuwahi kuisikia maisha yangu yote.

Swali lingine, tukishapita hapo Africa Hall muda bado utakuwa mwingi, tuende wapi pengine ambapo hakuna kupanda sana? Nimeona watu wanasifia mlima Entoto.

---

mkaazi_wa_zamani_bole

Entoto hapana. Siyo kwa mama mwenye presha na amelala masaa matatu kwenye ndege. Angalia hesabu hii: Bole yenyewe iko mita 2,300 na zaidi kutoka usawa wa bahari, yani mkishuka tu kwenye ndege mko juu kuliko geti la Marangu la Kilimanjaro. Entoto ni mita kama 3,200, hapo umeshapita kibanda cha Mandara. Watu wanalala njiani ili mwili uzoee, wewe utampandisha mama kutoka Dar asubuhi na mchana yuko Entoto? Kuna kanisa la Mariamu alipotawazwa Menelik na msitu mzuri sana wa mikaratusi na bustani waliyoifungua 2020, ni pazuri kweli ila mwachie mwingine. Hata huko mjini atembee taratibu, anywe maji, akisikia kichwa kinamgonga mkae.

Mpeleke makumbusho ya taifa, pale Amist Kilo. Kule chini ndo yuko Lucy, yule wa jamii ya binadamu wa kale, wenyewe wanamwita Dinkinesh, maana yake wewe ni wa ajabu. Alipatikana Novemba 1974 huko Hadar, Afar, mifupa ya miaka milioni 3.2, na ni mdogo, ukimsimamisha ni mita moja na kidogo tu kama mtoto wa chekechea. Wanaoonyeshwa watu ni nakala, mifupa halisi imefungiwa. Pembeni yake kuna na Selam, huyo ni mtoto wa miaka kama mitatu, alipatikana Dikika mwaka 2000 na ana umri mkubwa kuliko Lucy.

Hapa mwambie mama kitu ambacho hakimo kwenye maelezo ya ukutani lakini kinamhusu kabisa. Lucy na zile nyayo za Laetoli, zile alizozichimbua Mary Leakey na wenzake kule Ngorongoro, zinahesabiwa ni za jamii moja. Jina la kisayansi limetolewa 1978 kwa kutumia mabaki ya pande zote mbili, na taya ambalo ndo kielelezo rasmi cha jamii nzima siyo la Lucy, ni taya la Laetoli, la kwetu. Nyayo zina miaka milioni 3.6. Yani Ethiopia wana mwili sisi tuna hatua zao. Nilisimama pale mara ya kwanza nikawa nawaeleza watoto wa shule wa Addis kwa Kiamhari changu cha kuokoteza, mwalimu wao akaniachia nimalizie.

Ngazi zipo lakini si nyingi, aende kwa kushika reli. Kutoka pale juu kidogo ni Sidist Kilo, chuo kikuu, na ndani ya chuo kuna makumbusho ya makabila ambayo ilikuwa ikulu ya Haile Selassie, chumba chake cha kulala na bafu wameviacha vilivyo. Ila hiyo ina ngazi zaidi, mtaangalia goti linasemaje. Barabara hiyo hiyo mkipanda kidogo kwa gari mnafika Shiro Meda, pale ni soko la nguo za asili, zile nyeupe za pamba zenye urembo pembeni. Mama yeyote wa Kitanzania ukimfikisha Shiro Meda utamtoa kwa kumwita.

Merkato msiende. Ni soko kubwa mno, mimi nimelizunguka mara nyingi na nalipenda, lakini ni la mtu asiye na begi, asiye na haraka na asiye na mzee mkononi.

---

mpemba_wa_safari

Asalaam alaykum. Mie napita Addis karibu kila miezi mitatu kwenda Guangzhou kwenye mzigo, na bado hamjamjibu kuhusu chakula.

Bibie, jifunze neno moja, tsom. Maana yake kufunga. Wakristo wa Orthodox wa kule wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu kila wiki, isipokuwa zile siku hamsini baada ya Pasaka, ukiacha na mifungo mirefu, na wakifunga hawali nyama, maziwa wala mayai. Kwa hivyo mikahawa mingi ina chakula cha mfungo. Agiza beyaynetu, utaletewa sinia la injera na juu yake vijungu vijungu: dengu, mbaazi za kusaga, sukuma, viazi karoti, kachumbari. Mie kwa kuwa ni Muislamu hicho ndicho kimenirahisishia maisha maana nyama kule kuna bucha za Waislamu na bucha za Wakristo na kila mtu anakula kwao, sasa mboga haina mashaka. Nikitaka nyama nakwenda upande wa msikiti wa Anwar, lakini huko ni Merkato na wenzangu wameshasema.

Pilipili: ile rangi nyekundu ni berbere, hiyo mama aiepuke. Ile ya manjano wanaiita alicha, haiwashi, mwambie mhudumu "alicha" akuwekee nyingi. Injera yenyewe ni kama chapati ya maji iliyochachuliwa siku kadhaa, kwa teff, mtu wa kwanza anaikunja uso, tonge la tatu anazoea. Na mtu wa kule akikutia tonge kinywani kwa mkono wake usishtuke, ni heshima, wanaita gursha.

Kahawa. Hapa naomba mnisikilize. Kahawa wanaiita buna, na sisi kwetu tunasema buni, neno ni hilo hilo limevuka bahari. Msinywe ya haraka haraka kwenye kikombe cha karatasi. Tafuteni pahala wanapoikaanga mbele yenu, wamemwaga majani mabichi chini, ubani unafuka, wanakupitishia ule moshi wa kahawa inayokaangwa uunuse, inatwangwa, inachemshwa kwenye jebena, yaani birika lao la udongo, na pembeni mnawekewa bisi. Inamiminwa mara tatu kwa unga ule ule, ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu bereka, ambayo ndiyo baraka. Ukiondoka kabla ya ya tatu umeikimbia baraka yako. Inachukua saa nzima na zaidi, na kwa mtu anayesubiri ndege ya usiku hakuna matumizi mazuri ya saa kuliko hayo. Mzee wangu mmoja kule Wete alikuwa anatupikia kahawa hivi hivi na ubani, mie nikikaa pale nakumbuka baraza yake.

La mwisho na la lazima, kadi ya njano ya homa ya manjano, muwe nayo nyote wawili na muiweke pamoja na paspoti. Wakati wa kurudi nyumbani mkiwa mmekaa Ethiopia zaidi ya masaa 12 mnaweza kuulizwa Dar au Zanzibar. Nimeona watu wanasimamishwa pembeni kwa hilo na watoto mgongoni.

---

neema_arusha

Mi nasema baridi tu maana hakuna aliyejibu. Novemba mvua kubwa zimeshaisha, mchana jua zuri kabisa unaweza kutembea na blauzi, lakini kivuli kikiingia ni baridi na asubuhi hiyo mnayotua ni baridi ya kweli kweli kama Arusha ya mwezi wa saba au zaidi. Sweta la mama liwe kwenye begi la mkononi, lisiende kwenye mzigo mkubwa maana huo unapitiliza mpaka Washington hamtauona. Na dawa za presha hivyo hivyo, mkononi, za siku mbili tatu.

Khanga pia mkononi. Mkiingia kanisa lolote mnajifunika kichwa na kuvua viatu. Pale karibu na uwanja kuna kanisa kubwa la Medhane Alem, halina kilima, mimi nilikaa tu pale kwenye uzio jioni naangalia kina mama wamejifunika yale mashuka meupe wanainama kugusa ukuta kabla ya kupita kwenda zao. Hata kama hamtafika popote pengine, hapo fikeni.

---

Kwale254

Neema umesema ukweli kuhusu ile kanisa. Kitu kingine kidogo, pesa badilisheni benki za pale uwanjani na mbadilishe kidogo tu, birr ikibaki hutaifanyia kitu ukishavuka.

---

binti_tabata

Wadau nimerudi, niko Washington, mtoto mzima na mama yake mzima, naandika usiku maana usingizi wa huku bado haujanikaa sawa.

Hoteli tulipata, niliulizia kama mkaazi alivyosema ikawekwa kwenye tiketi. Mama alilala mpaka saa tano. Dereva tulimpata kwa ile apu, mtu mzima mpole, mama akamwambia kwa Kiswahili na vidole "saa sita, saa tisa, saa kumi" na yule baba akaitikia akaonyesha vidole vile vile, nikamuonyesha na kwenye simu kama Kwale alivyoelekeza. Hakuna aliyepotea.

Barua pepe yangu walijibu lakini nafasi ya siku hiyo haikuwepo. Nilimwambia mama tukiwa bado Dar ili asije akaumia pale. Tukapita tu kwa nje, dereva akasimama mbele kidogo, askari akaja, akasema picha hapana. Mama akamwambia dereva amtafsirie kwamba hataki picha, anataka kusimama tu. Yule kijana akamwangalia akasema ishi, ishi, yani sawa. Mama akasimama na khanga yake mabegani labda dakika tano. Alikuwa anataja nchi. Alianza Algeria akaenda kwa alfabeti kabisa, Burundi, Kameruni, mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma yake, akafika 29 akakwama, akarudi mwanzo, mara ya pili zikatimia 32. Tanganyika aliitaja kwa jina lile la wakati ule. Njiani ndo akaanza kunieleza Kamati ya Ukombozi ilivyokuwa Dar, na wakimbizi wa Msumbiji walivyokuwa, mambo ambayo sijawahi kumsikia akiyasema nyumbani.

Lucy tulimuona. Nilimsomea mama ile habari ya taya la Laetoli nikiwa nimeishika simu, akasema watoto wa darasa la tano wangeipenda hiyo. Ghorofa la juu hatukupanda. Shiro Meda mkaazi ulisema kweli, nilimtoa kwa kumwita, kanunua shuka mbili moja ya mjukuu.

Kahawa tulikunywa mahali padogo tu nyuma ya Medhane Alem, dada mmoja anakaanga chini. Mama alikunywa ile ya kwanza na bisi, ya pili akaniambia nimpimie presha kwanza, kile kipimo cha mkononi nilikuwa nacho, ikawa sawa. Ya tatu kanywa nusu nusu ili asiache bereka. Mpemba nilimwambia yule dada kwamba kwetu tunasema buni, akacheka akawaita wenzake waje wasikie. Saa kumi na moja kasoro tulikuwa tushafika eapoti na bado laini ilikuwa ndefu kama Kwale alivyosema, msako wa mlangoni pa kupandia wakamvua mama mpaka viatu.

Sasa kurudi ni mwezi wa pili katikati na safari hii muda wa Addis ni masaa sita tu, tunatua asubuhi. Mama ameshauliza kama Africa Hall tunaweza kuandika tena mapema. Mnasemaje, masaa sita yanatosha?

---

mkaazi_wa_zamani_bole

Dada nimeisoma hii nikiwa kazini ikabidi nitoke nje kidogo. Mpe mama shikamoo yangu tena.

Masaa sita, na katikati ya mwezi wa pili, hapana. Huo ndo wakati wa mkutano wa marais wa Umoja wa Afrika, barabara zinafungwa misafara ikipita na hilo eneo lote la Meskel hadi Menelik II halipitiki kwa uhakika. Ukitoa saa moja na nusu ya kutoka na masaa mawili na nusu ya kurudi mapema unabaki na masaa mawili ya kukaa kwenye foleni na mama. Kaeni ndani, mle ndani kuna sehemu wanapika kahawa ya jebena, mkae hapo. Kama mnaweza kusogeza tarehe mpaka mwezi wa tatu mkapata tena ile ya kusubiri kutwa nzima, andika barua pepe sasa hivi, usingoje Januari.

---

binti_tabata

Nimempigia wa tiketi. Kuna ya tarehe 9 mwezi wa tatu, masaa 13. Mama anasema niandike kwamba safari hii ameshazipanga nchi zote 32 kwa tarehe zilivyopata uhuru.